Jina Lililobaki Mdomoni mwa Baba

Jumatatu, 2 Aprili 1956

Shingo ya gitaa, ya mvule, imepinda tena. Nimeifungua kutoka kwenye vibano asubuhi, nikafumba jicho moja, nikaitazama kutoka mwisho hadi mwisho. Imeinama kama mlevi anayetafuta kofia yake. Nimeipasua kwa shoka. Roda, mke wangu, aliuliza kama anaweza kuipikia. Nikamwambia hata kuni haifai kuwa.

Mvua. Gundi haikauki Kitale mwezi huu. Kibomet, mtaa wetu, yote ni matope.

Elija alipita mchana na gitaa lililopasuka tumbo. Alikuwa akipiga kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Tongaren, wafanyakazi wakacheza mpaka mtu akalikalia. Anacheka. Kila kitu kwake ni cha kucheka. "Nitapeleka kwa nani bana, kama si wewe mkubwa?" Akala ugali wangu, akaondoka na nyuzi zangu mpya.

Elija ni mdogo wangu, tumbo moja. Anapiga gitaa kutoka hapa mpaka Bungoma, na kila anayemsikia anasema ati gitaa la Elija linaongea. Gitaa la Elija! Mimi ndiye niliyelichonga, nikalipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu, nikakata spoki za baiskeli nikazipanga shingoni moja moja, pale nyuzi zinapobanwa. Tangu nilipotoka shule ya useremala ya misheni kule Lugulu nachonga magitaa. Nilianza nikiwa kijana, sasa nina mvi. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuuliza nani kalichonga.

Namchukia. Tumenyonya titi moja na namchukia. Nimeandika. Basi.

Alhamisi, 12 Aprili

Nilikwenda kwa Jagir, Kalasinga mwenye duka la redio mjini, kumpelekea kabati la redio nililomtengenezea. Alikuwa akicheza sahani mpya ya santuri. Nikasikia gitaa, lakini si gitaa. Lilikuwa na sauti ndefu, nene, isiyokufa. Gitaa langu ukiligusa linasema neno moja na kunyamaza. Hili lilikuwa linakataa kunyamaza.

Nikamuuliza ni nini. Jagir akasema stima, umeme. "Sumaku na waya tu, fundi. Uzi ya chuma natingisika juu ya sumaku, waya nasikia, redio napiga kelele." Kama vile anasema jinsi ya kuchemsha chai.

Amenipa sumaku za simu mbovu na waya mwembamba alioufungua kutoka kwenye koili ya lori. Mwembamba kama unywele. Gitaa lenyewe halina tumbo, ni ubao mzima. Hata likikaliwa halipasuki.

Sijasikia fundi mweusi wa huku kwetu aliyefanya kitu hiki. Nikikifanya mimi watauliza ni nani. Watalazimika.

Jumamosi, 21 Aprili

Waya unakatika. Lazima uzungushwe kwenye sumaku mara maelfu, na ukikatika unaanza upya. Nimechukua cherehani ya Roda, kile kigurudumu cha kujazia uzi, nikafunga sumaku hapo. Roda azungushe, mimi niongoze waya. Ukakatika. Ukakatika tena. Nikamwambia ana mikono ya kuchimba viazi. Nikamwambia na mengine.

Akaenda kulia jikoni. Nikaendelea peke yangu na nikaukata mara nyingi zaidi kuliko yeye. Jioni nikamwita. Akaja, akauongoza waya yeye mwenyewe kwa ncha za vidole, mimi nikizungusha. Haukukatika.

Sikumwambia asante. Nilikuwa na hasira kwamba ameweza.

Jumanne, 8 Mei

Limelia.

Kwenye ua wa duka la Jagir. Yeye alifunga waya kutoka kwenye gitaa mpaka kwenye redio kubwa ya zamani yenye spika. Nikagusa uzi mmoja tu. Sauti ikatoka kwenye lile sanduku, ikajaa ua mzima, watu wakasimama barabarani. Machozi yalinitoka mbele ya Kalasinga. Aibu.

Halafu goti langu likagusa bomba la maji. Nilitupwa. Nilijikuta nimekaa chini, mkono hausikii kitu, mdomo una ladha ya shaba. Jagir alicheka kwanza, kisha akaacha. Amenieleza. Redio hii ni ya aina ambayo stima ya ukutani inapita mpaka kwenye bati lake la ndani, kwa hiyo inaweza kufika kwenye nyuzi. Kuna chombo cha kuizuia, ameagiza Nairobi, kitachukua muda. Mpaka kije, anayepiga avae viatu, asimame juu ya ubao mkavu, na maji yasikaribie. "Kiatu hapana toa. Maji hapana. Maji nakuja, mtu nakufa." Akanifanya niyarudie maneno hayo kama mtoto wa shule. Nikayarudia.

Alhamisi, 10 Mei

Nimechoma jina langu kichwani mwa gitaa kwa msumari wa moto. ZAKAYO. Herufi ya K imekaa vibaya. Itabaki hivyo.

Jumapili, 13 Mei

Nimekwenda Lugulu kwa baba.

Nyumbani kwetu chombo cha muziki hakitoki kwenda kwa watu mpaka mzee akibariki. Anapiga funda la busaa, pombe yetu ya nafaka, anaipuliza juu ya chombo na juu ya mtu anayekishika, mvuke mdogo kama umande, kisha anataja jina. Jina analotaja ndilo chombo kinaloitwa mpaka mwisho wa dunia. Litungu la baba, kinubi chetu Wabukusu, linaitwa Masinde. Masinde ndiye aliyelichonga, na alikufa kabla baba hajazaliwa. Watoto wa Lugulu wanamjua Masinde. Wanasema, Masinde analia leo.

Magitaa yangu yote baba amekataa kuyabariki. Anayaita masanduku. Lakini hili nikafikiri litamtikisa, kwa hiyo nikamwomba. Nikapiga goti, mtu mzima na mvi zangu.

Akauliza ni nani atakayelipiga. Swali la kikatili na yeye anajua. Mimi siwezi kupiga. Naweza kusikia kosa la unene wa karatasi kwenye shingo, lakini wimbo haunitoki vidoleni. Nikasema Elija.

Akasema, "Basi Elija ndiye nitabaliki. Fundi ni mpini ya jembe. Nani anabaliki mpini?"

Nimerudi Kitale juu ya lori la mahindi. Mvua njia nzima.

Jumatano, 30 Mei

Elija amelijaribu. Nilimwambia masharti yote ya Jagir. Viatu, ubao, maji. Alicheka, lakini alitii. Anavipenda vile viatu vyake vya rangi mbili kuliko alivyowapenda wake zake, ambao wote wawili wamekuja wakaondoka bila kumzalia mtoto.

Kisha akapiga.

Sitaki kuandika alivyopiga. Nitaandika. Alikaa kidogo akilisikiliza, kama mtu anayengoja mgeni amalize kuongea. Halafu akaanza taratibu, na akapata vitu ambavyo mimi sikuvijua kuwa viko ndani. Mimi niliyeuzungusha kila waya! Jagir alisimama mlangoni na bisibisi mkononi. Wachuuzi waliacha ndizi zao. Kila mtu alimtazama Elija.

Alikuwa amefunga leso yake nyekundu kichwani mwa gitaa, kama anavyofanya siku zote. Juu ya jina langu. Hakukusudia. Hilo ndilo linaloniuma, hata kukusudia hakukusudia.

Ijumaa, 8 Juni

Baba amekubali. Atakuja Kitale mwenyewe, kwa kuwa Lugulu kijijini hakuna stima. Elija atashika gitaa, kwa sababu chombo lazima kiwe kinalia wakati wa baraka. Baba habariki kitu kilichonyamaza. Lakini jina atakalotaja ni langu. Zakayo. Gitaa hili na yote yatakayofuata yataitwa Zakayo.

Niliposikia niliruka kama kijana. Kisha nikauliza ni nani aliyembadilisha mawazo. Elija. Alikwenda Lugulu kwa baiskeli, akakaa na mzee tangu asubuhi mpaka mzee akachoka naye. "Nimemwambia, si Masinde pia alikuwa fundi tu? Mzee akasema haya, bana." Anacheka.

Kwa hiyo hata jina langu naletewa na yeye. Sikumwambia asante.

Kuna jambo moja. Baba anataka anayebarikiwa awe miguu mitupu. Na busaa ni maji. Nimewaza. Nitaweka ubao mkavu, Elija asimame juu yake. Busaa yenyewe ni umande tu. Ubao utatosha. Sijamuuliza Jagir. Atakataa. Siku ya baraka ni Jumapili, atakuwa ameenda hekaluni kwao, na ufunguo wa ua ninao.

Jumamosi, 16 Juni

Baba amefika. Ameitazama nyumba yangu, akauliza kama hii ndiyo nyumba au ni choo kimejengwa mbele. Amekula kuku, akasema ni mgumu. Ameomba kuliona gitaa. Akalipima mikononi, akaligonga kwa kidole. "Hii haina tumbo. Inakula wapi?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kesho ataniita kwa jina langu mbele ya watu, anaweza kusema atakalo leo.

Roda amekataa kupika busaa, ni mtu wa kanisa. Imetoka kwa jirani.

Jumapili, 17 Juni

Elija amekufa.

Jumanne, 19 Juni

Nitaandika ilivyokuwa, mara moja, halafu sitaiandika tena.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Ua wa Jagir ulikuwa umelowa. Watu walijaa, wengine juu ya ukuta. Niliweka ubao mkavu, nikaufuta kwa shati langu mwenyewe. Elija akavua viatu, akapanda juu ya ubao, akaanza kupiga polepole wimbo wa zamani wa litungu. Ulikuwa wimbo wa baba.

Baba akaja na kibuyu. Akautazama ule ubao. Akausogeza kwa mguu kutoka chini ya Elija, hivi, kama mtu anayefukuza mbwa. "Mtu anabalikiwa akisimama juu ya udongo." Elija akashuka kwenye matope. Akanitazama. Aliinua nyusi, kama mtoto anayeuliza, vipi, ni sawa?

Baba alikuwa tayari amepiga funda.

Mzee akishapiga funda hakuna anayesema. Hakuna anayekohoa. Ukimkatiza mwenye busaa mdomoni, lazima aimeze, na akiimeza, baraka imemezwa na jina limemezwa nayo, na hairudiwi. Kila Mbukusu analijua hilo tangu utotoni. Nililijua. Nilijua pia maneno ya Jagir. Yote mawili nilikuwa nayo kichwani kwa wakati mmoja, wazi kabisa. Nilikuwa na neno moja mdomoni. Ngoja. Neno fupi hivyo. Au ningeuvuta waya ukutani, ulikuwa karibu nami, lakini gitaa lingenyamaza na baba angeacha.

Nilikuwa nangoja jina langu.

Baba alipuliza mara ya kwanza, juu ya kichwa cha gitaa. Hakuna kilichotokea. Vidole vya Elija vilikuwa bado vikavu, akaendelea kupiga. Nikapumua. Nikasema moyoni, Kalasinga ni mwoga. Baba akapiga funda la pili, akapuliza kifuani mwa Elija na mikononi.

Vidole vyake vilikaza juu ya nyuzi. Spika ilinguruma, sauti moja tu, nzito. Watu walidhani ni muziki. Mtu mmoja alipiga makofi. Elija alikuwa amesimama wima, meno yameumana, na macho yake yalikuwa kwangu. Halafu nikavuta waya. Sijui nilikawia kiasi gani. Nilikawia.

Akaanguka na gitaa chini yake. Baba alikuwa bado amefungua kinywa kulitaja jina.

Alhamisi, 21 Juni

Polisi walikuja, wakaandika ajali, wakaondoka.

Nimetengeneza jeneza. Nani mwingine? Nimetumia ubao wa mvule niliokuwa nimeuweka kwa shingo za magitaa. Nimeupiga randa mpaka ukang'aa. Roda aliingia, akatazama, akaniita kwa jina la binti yetu, "Baba Nekesa, umelala?" Nikashika randa tena. Ni kazi nzuri. Hakuna kiungo kinachoonekana. Nimejikuta nikiifurahia.

Jagir alikuja na turubai la kufunika jeneza njiani. Alisimama mlangoni mwa karakana. Aliuliza swali moja tu, "Ulimwambia yeye?"

Nikasema nilimwambia. Ni kweli. Elija nilimwambia. Kalasinga akatikisa kichwa, akanishika bega, akasema vijana hapana sikia. Nikamwacha aamini hivyo.

Jumamosi, 23 Juni

Tumemzika Lugulu. Maelfu ya watu. Kutoka Bungoma, Kimilili, mashamba ya Tongaren, wanawake ambao hatukuwahi kuwaona wakijitupa chini. Kila mmoja aliyesimama kuongea aliongea juu ya vidole vyake.

Asiyekuwa na mtoto, shughuli yake kaburini ni fupi. Hakuna wa kuitwa mbele ashike udongo wa kwanza. Waliuliza, mtoto wake yuko wapi? Nikashika mimi.

Nikasikia nyuma yangu wanavyosema. Hawasemi stima. Stima hawaijui. Wanasema kinywa cha mzee kimemla mtoto. Ati baba ana kisirani, kwamba alibariki huku ana kinyongo, na busaa ya kinyongo ni sumu. Wanasema kwa sauti, apate kusikia. Alisikia. Alikaa kwenye kiti chake mikono juu ya fimbo na hakuinua macho hata jeneza liliposhuka.

Alinivuta kando baadaye. "Mimi nilikuwa na kinyongo kweli," akasema. "Na hiyo sanduku yako. Kidogo tu. Sasa ona."

Baba yangu, ambaye hajawahi kukubali kosa lolote tangu nizaliwe. Nilikuwa na neno mdomoni tena.

Jumapili, 15 Julai

Baba hali. Mama mdogo, mke wa pili wa baba, anasema anakunywa maji na kuyatema. Mzee amekata nyuzi zote za Masinde kwa kisu. Litungu liko ukutani kama ng'ombe aliyechunwa.

Mwaka huu ni wa tohara. Kwa kawaida mwezi huu ua wake hujaa, watoto huletwa awapulizie kabla ya kisu. Nilikaa naye Jumapili yote. Tulisikia njuga na nyimbo za vijana barabarani. Zilikaribia lango, zikapita. Kundi la pili nalo likapita. Mama mmoja alimfunika mwanawe uso alipopita mbele ya nyumba. Baba aliliona hilo. Aliangalia mpaka wakapotea, kisha akageukia ukuta.

Mimi ndiye ninayeweza kumtoa humo. Nikimwambia ilikuwa stima na maji, na kwamba nilijua, atakula kesho. Nimekaa naye mchana kutwa nikazungumza juu ya bei ya mahindi.

Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Mimi nimechuma, wao wanakula, nami natazama.

Jumapili, 5 Agosti

Nimemwambia.

Sikuwa nimepanga. Nilimkuta amelala chini sakafuni, amekuwa mdogo, kama nguo zimevaliwa na fimbo. Alikuwa anajipiga mdomo kwa kiganja. Polepole tu, tena na tena. Nikashindwa.

Nikamwambia kila kitu. Redio, bati, maneno ya Jagir niliyoyarudia. Ubao. Nikamwambia kwamba alipopiga funda nilijua.

Aliinuka akaketi. Akauliza, "Sasa mbona hukusema?"

Nikasema nilikuwa nangoja jina langu.

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Alimwita mama mdogo, akaomba uji. Akanywa bakuli zima mbele yangu, taratibu, na la pili. Rangi ilirudi usoni mwake nikiona. Kisha akaomba busaa. Nikajua, nikaanza kusimama, akasema, "Kaa. Nyosha mikono."

Nikanyosha. Akapiga funda. Nikanyamaza, hata hapo nilinyamaza. Akapuliza juu ya viganja vyangu, kushoto, kulia. Ilikuwa baridi. Miaka yote nimetamani kitu hiki.

Akasema, "Elija."

Akafuta mdomo. "Hakuacha mtoto. Jina yake hailali nje kwa baridi. Kila gitaa utachonga mpaka hizo mikono zikufe, itaitwa Elija. Yako nilimeza siku ile."

Nikamwambia sitachonga tena. Akasema, "Utachonga. Mpini haikatai jembe."

Nilipotoka langoni, watoto wawili wa jirani walikuwa wamesimama na baba yao, wanasita. Mzee aliwaita kwa sauti ile yake ya zamani. Wakaingia.

Jumanne, 14 Agosti

Nimeichoma ile K kichwani mwa gitaa kwa msumari mpana, mpaka jina zima limekuwa doa jeusi. Nimeandika jipya chini yake. Limekaa vizuri. Kila herufi.

Roda ametazama. Amesema, "Afadhali." Ndilo neno la kwanza kwa wiki nzima. Nilitaka kumtupia msumari.

Alhamisi, 5 Machi 1959

Jua kali. Ubao unakauka vizuri.

Baba amezikwa tangu mwaka jana. Alikufa ameshiba, watu walimjia mpaka siku ya mwisho, na hakuniita.

Chombo cha Jagir cha kuzuia stima kilifika kutoka Nairobi zamani, na sasa tunaweka kimoja kwenye kila sanduku la sauti. Hakuna aliyeumia tena. Kazi ni nyingi. Bendi za Bungoma, za Kisumu, juzi watu wa Nairobi wamekuja kwa treni. Wote wanasema neno moja wakiingia. Nataka Elija. Elija mwekundu. Elija wa nyuzi nene. Nina Elija watatu mezani, mmoja bado hana masikio ya kukazia nyuzi.

Leo alikuja mwanamume kutoka Webuye, mpiga gitaa, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi. Alisimama mlangoni akatoa kofia. Aliangalia zana zangu zote ukutani kama mtu aliyeingia kanisani. Akauliza, "Samahani mzee, ni wewe ndiye Elija?"

Roda alikuwa pale, anashona. Aliacha kushona.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

Akanisalimia kwa mikono miwili, akainama. Akauliza gitaa lake litakuwa tayari lini. Nikamwambia baada ya Pasaka.